SOMO: KUONDOA MFUMO ENDESHI WA ZAMANI KATIKA DISKI YA PILI YA KOMPYUTA YA CHAMA



Kompyuta nyingi za vyama vya msingi zimekwisha kufanyiwa matengenezo mara moja au mbili tangu ziliponunuliwa. Matengenezo yaliyo ya kawaida kupita yote ni haya: mashine imekuwa nzito, fundi anashauri inunuliwe diski mpya ya aina ya SSD, Bodi inaidhinisha, diski mpya inafungwa na mfumo endeshi mpya unawekwa humo. Diski ya zamani haitupwi. Huachwa ndani ya mashine ili itumike kama ghala la kumbukumbu. Hapo ndipo linapoanza jambo la somo letu, kwa maana diski ile hubaki na mfumo endeshi wake wa zamani, ukiwa mzima na wenye uwezo wa kufanya kazi wakati wowote mtu akiuchagua.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoipokea kompyuta mara inapowashwa na kuzitumikisha programu nyingine zote. Katika ofisi zetu aghalabu mfumo huo ni Windows. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama, nasi tunaweza kuutambua ugonjwa huu kwa dalili moja iliyo wazi: ukiwasha mashine, kabla ya kufika kwenye kioo cha kazi, hutokea ukurasa wa rangi ya buluu unaotaka uchague mfumo mmoja kati ya miwili. Usipogusa kitu, mashine husubiri kwa kawaida sekunde 30, kisha hujichagulia yenyewe.

Makatibu wengi huuona ukurasa huo kama usumbufu mdogo. Mkaguzi anauona kwa jicho jingine. Katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa nilichokikagua, karani wa kila siku alikuwa na udhuru kwa siku mbili za msimu, na karani wa muda akaketi mahali pake. Ukurasa wa buluu ulipotokea alichagua mstari wa chini, ambao ulikuwa mfumo wa zamani. Humo alikuta programu ileile ya hesabu aliyoizoea, ikiwa na majina yaleyale ya wanachama, akaandika kilo zote zilizopimwa siku hizo mbili. Karani mwenyewe aliporudi aliendelea na mfumo mpya kama kawaida. Siku ya malipo wanachama kadhaa walifika na stakabadhi zao za mizani mkononi, na majina yao hayakuwamo katika orodha. Maneno yaliyosemwa juu ya katibu yule sitayaandika hapa. Fedha haikuibwa hata senti moja. Chama kilikuwa kikiendesha vitabu viwili katika mashine moja bila kujua.

Kuna na sababu ya usalama. Windows 7 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo wa namna hiyo ukiwashwa na kuunganishwa na intaneti ni mlango usio na komeo. Ama nafasi unayoila katika diski, gigabaiti 20 au zaidi, hiyo ni hasara ndogo ukilinganisha na hizi mbili.

Basi mfumo wa zamani uondolewe. Lakini haifai kumwambia fundi "futa hiyo diski ya pili" na kwenda kunywa chai. Katika diski ile mnaweza kuwa na vitu vitatu vilivyolala pamoja: mfumo usiotakiwa, kumbukumbu za chama, na mafaili madogo yanayoiwasha mashine nzima. Cha kwanza ndicho kinachoondoka. Cha pili ni mali ya wanachama. Cha tatu kikiondoka kabla ya wakati wake, kesho yake asubuhi kompyuta haitawaka.

Idhini kwanza

Kufuta diski ni kuharibu kumbukumbu, hata pale inapofanywa kwa nia njema. Katibu asilifanye peke yake. Alipeleke kwenye Bodi, uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za kikao, na siku ya kazi wawepo watu wawili wa chama pamoja na fundi. Kama ukaguzi wa mwaka unaendelea, kazi hii ingoje wakaguzi wamalize. Nimeona watu wakilichukulia sharti hili kuwa urasimu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuulizwa mbele ya Mkutano Mkuu leja ya pembejeo imekwenda wapi.

Kuijua diski ipi ni ipi

Kosa kubwa katika kazi hii hutokana na herufi. Kila mfumo endeshi wa Windows unapowaka kwa kawaida huiita sehemu yake mwenyewe C, na sehemu za wengine D au E. Kwa hiyo diski iliyoitwa D asubuhi, mkiwa katika mfumo mpya, yaweza kuitwa C mchana mkiwasha ule wa zamani. Kila mwamba ngoma huivutia kwake. Msiitambue diski kwa herufi, itambueni kwa ukubwa na kwa vilivyomo.

Wakati mfumo mpya unafanya kazi, bonyezeni kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andikeni diskmgmt.msc, kisha bonyezeni Enter. Utafunguka ukurasa unaochora kila diski kwa mstari wake, Disk 0, Disk 1 na kuendelea, na kila mstari umegawanywa katika sehemu zake. Msishangae mkiona diski iliyouzwa kwa jina la gigabaiti 500 imeandikwa 465, au ile ya 240 imeandikwa 223. Hakuna aliyewapunja. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na Windows huihesabu kwa kipimo kikubwa zaidi kidogo.

Katika mchoro huo tafuteni maneno mawili. Neno Boot limeandikwa juu ya sehemu yenye mfumo unaofanya kazi sasa hivi. Neno System limeandikwa juu ya sehemu yenye mafaili ya kuwashia mashine. Mtu angedhani ni kinyume chake, na waliochagua majina haya hawakututendea wema. Lakini ndivyo yalivyo. Mkiona maneno yote mawili katika mstari wa diski mpya, hali ni njema. Mkiona Boot katika diski mpya na System katika diski ya zamani, simameni hapo: mashine yenu inaishi katika nyumba mpya lakini ufunguo wake bado umetundikwa katika nyumba ya kale.

Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Fundi akiweka mfumo mpya huku diski ya zamani bado imefungwa ndani ya mashine, Windows ikikuta tayari pana mafaili ya kuwashia katika diski ya zamani, hulitia jina lake humo badala ya kujitengenezea mapya. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu huchomoa diski ya zamani kwanza, huweka mfumo mpya, kisha huirudisha. Makatibu, liandikeni sharti hilo katika hati ya kazi mtakapofanya matengenezo mengine.

Kuokoa kumbukumbu

Iwasheni mashine kwa mara ya mwisho katika mfumo wa zamani, bila kuiunganisha na intaneti. Fungueni programu ya hesabu iliyomo humo. Tengenezeni nakala ya akiba kwa kutumia programu yenyewe, maana programu nyingi za hesabu huweka kumbukumbu zake kwa namna ambayo haisomeki kwa kunakili faili moja tu. Kisha chapeni urari wa hesabu na orodha ya salio za wanachama kwenye karatasi. Mfumo ukishaondoka, programu ile nayo imeondoka, na huenda leseni yake isikubali kuwekwa upya. Karatasi haidai leseni.

Angalieni pia maneno ya siri. Karani aliyezoea kivinjari kumkumbukia neno la siri la barua pepe ya chama, au la MUVU, ambao ni Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, huenda halijui kabisa kwa kichwa. Maneno hayo hufungwa kwa jina la mtumiaji wa mfumo ule, wala hayafuati mafaili yanaponakiliwa. Yahakikisheni kabla ya kufuta.

Baada ya hapo rudini katika mfumo mpya, chomekeni diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, na mnakili. Folda ya Users ndiyo yenye vitu vya kila karani aliyewahi kutumia mashine: vya kwenye meza ya kioo, nyaraka, picha za stakabadhi. Windows itasema hamna ruhusa ya kuingia. Bonyezeni kukubali na kungoja, yaweza kuchukua dakika kadhaa. Folda ya ProgramData imefichwa, nayo ndiyo ambayo programu kadhaa za hesabu huhifadhi vitabu vyake. Washeni kwanza uwezo wa kuona vilivyofichwa. Msisahau folda zilizotengenezwa na makarani moja kwa moja juu ya diski, kwa majina kama "Msimu" au "Mambo ya Bodi". Hizo ndizo zinazopotea mara nyingi, kwa sababu hazimo mahali anapopajua fundi.

Kunakili si mwisho wa kazi. Fungueni mafaili kadhaa kutoka katika nakala, si katika diski ya zamani, na mlinganishe salio za wanachama watano au kumi na leja ya karatasi. Kama diski ya zamani imefungwa kwa BitLocker na inadai ufunguo mrefu wa tarakimu, utafuteni ufunguo huo sasa. Pasipo ufunguo hakuna nakala, na pasipo nakala hakuna kufuta.

Jaribio la kuchomoa

Hapa lipo jaribio moja ambalo thamani yake ni kubwa kuliko maelezo yote ya fundi. Izimeni mashine kabisa, kwa kushika kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, ili isijifiche katika usingizi. Ondoeni waya wa umeme. Fundi afungue kasha na achomoe diski ya zamani. Kisha iwasheni.

Ikiwaka na kufika katika mfumo mpya, mafaili ya kuwashia yamo mahali pake, na diski ya zamani mnaweza kuifanya mtakalo. Ikiandika kwenye kioo cheusi kwamba haikuona kitu cha kuwashia, hakuna kilichoharibika: izimeni, rudisheni diski, itawaka kama jana. Mmejua kwa gharama ya dakika kumi jambo ambalo mngelijua kwa gharama ya siku tatu za ofisi kufungwa.

Katika kompyuta za mapajani kuchomoa si rahisi, basi mtategemea neno System katika mchoro niliokwisha kuutaja.

Kama ufunguo uko katika diski ya zamani, ni lazima utengenezwe mwingine katika diski mpya. Kazi hii nawashauri mwachieni fundi, lakini katibu ajue ni nini kinachofanyika. Katika mashine za mtindo mpya wa UEFI, fundi hutenga sehemu ndogo katika diski mpya, ya megabaiti mia mbili na zaidi hivi, yenye umbo la FAT32, na kuipa herufi, mathalani S. Kisha hufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Amri hiyo hunakili mafaili ya kuwashia kutoka katika mfumo mpya na kuyaweka katika sehemu ile ndogo. Mashine za mtindo wa zamani zina njia yake tofauti kidogo, na fundi anayesema njia ni moja kwa mashine zote muulizeni mara ya pili. Baada ya hapo huingia katika mipangilio ya awali ya mashine na kuitanguliza diski mpya. Kisha mnarudia jaribio la kuchomoa. Msiendelee mpaka mashine iwake bila diski ya zamani.

Kuondoa wenyewe

Kwanza ondoeni jina katika ukurasa wa buluu, kama bado lipo. Bonyezeni tena nembo ya Windows na R, andikeni msconfig, nendeni ukurasa wa Boot. Mtaona mistari miwili. Mmoja una maneno Current OS, huo msiuguse. Chagueni ule mwingine na mbonyeze Delete. Mafundi wengine huishia hapa na kudai malipo yao. Kumbe hapo mfumo wa zamani haujaondolewa hata kidogo. Umefichwa nyuma ya pazia, ungali umejaza diski kama zamani.

Watu wengine hujaribu kuifuta folda ya Windows ya diski ya zamani kama wanavyofuta barua. Mashine hukataa, kwa sababu mwenye folda hiyo si karani wala katibu, bali ni mtumishi wa ndani wa Windows mwenyewe anayeitwa TrustedInstaller. Zipo njia za kumpokonya umiliki na kufuta kipande kwa kipande, nazo huchosha na kuacha mabaki. Kwa kuwa kumbukumbu zimekwisha kuokolewa, njia safi ni kuifomati sehemu nzima: katika ukurasa wa diskmgmt.msc, bonyezeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya sehemu ile, chagueni Format, umbo la NTFS, na mwipe jina jipya, kwa mfano GHALA. Kabla ya kukubali, mtu wa pili asome kwa sauti ukubwa wa sehemu iliyochaguliwa na jina lake. Kama diski ya zamani ina sehemu mbili, moja ya mfumo na nyingine ya nyaraka tu, ile ya nyaraka haina hatia, iacheni.

Zitabaki sehemu ndogo za megabaiti mia kadhaa ambazo ukurasa huo hukataa kuzifuta. Zikibaki hazidhuru. Fundi akitaka kuzimaliza, atatumia programu ya diskpart na amri ya clean, inayoziondoa sehemu zote za diski kwa pamoja. Amri hiyo haiulizi "una hakika?". Hutekeleza palepale juu ya diski iliyochaguliwa, na tarakimu 0 na 1 za diski zaweza kubadilishana baada ya mashine kufunguliwa. Kwa hiyo fundi aandike list disk, alama ya nyota ionekane mbele ya diski yenye ukubwa wa ile ya zamani, na mtu wa chama aione kwa macho yake kabla neno clean halijaandikwa. Mimi binafsi ningependa diski ya nje yenye nakala iwe imechomolewa na kufungiwa kabatini wakati huo.

Kama kilichobaki katika diski ya pili si Windows bali ni Linux, mathalani Ubuntu, jihadharini zaidi. Huyo kwa kawaida huja na mwashaji wake aitwaye GRUB, na mashine yaweza kuwa inapitia kwake kila asubuhi. Mkifuta sehemu zake bila kuitanguliza kwanza njia ya Windows katika mipangilio ya awali, mtakuta kioo cheusi chenye neno grub na kishale kinachopepesa. Jaribio la kuchomoa litawaonya.

Baada ya kazi

Rudisheni kumbukumbu katika diski iliyosafishwa, zikiwa katika folda moja yenye tarehe. Diski ya nje isirudishwe nyumbani kwa mtu. Ifungiwe pamoja na vitabu vya fedha mpaka hesabu za msimu ule zikaguliwe na kupitishwa. Katika kumbukumbu za Bodi iandikwe tarehe, majina ya waliokuwapo, ukubwa na namba ya diski iliyofutwa, na mahali nakala ilipo. Mkaguzi wa COASCO akiuliza kwa nini programu ya zamani haipo, jibu liwe katika karatasi.

Kama Bodi imeamua kuiuza diski ya zamani au kumpa mtu, jueni kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kilichoandikwa. Hufuta orodha tu, na mtu mwenye programu ya kufufulia huyasoma majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama. Ondoeni alama katika kisanduku cha Quick Format ili mashine ipite juu ya diski yote na kuandika sifuri. Katika diski kubwa ya zamani kazi hiyo huchukua saa nyingi, basi ianzeni asubuhi, siku ambayo umeme una matumaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavigusa na vyama vyetu. Diski iliyokufa kabisa, isiyowaka wala kufomatika, itobolewe kwa keekee mbele ya wajumbe wawili, na tundu lipite katika sahani zake za ndani.